Ua la shemeji yangu Atija na ming'oko tuliyokula Ziwani Jumatatu ile

Wakuu, nawasalimu wote. Mlioko kazini mnasoma huku simu mmeificha chini ya meza, na mlioko nyumbani mnasubiri ubwabwa uive.

Hili jambo nilitaka kulinyamazia. Ila juzi kuna mtu kwenye uzi mwingine kaandika kwamba sisi watu wa kusini kila kitu uchawi. Mwenzake akamjibu kwamba uchawi wenyewe wanatuletea wanawake wa ng'ambo ya Ruvuma.

Nikachemka. Nikasema leo naandika.

Hii siyo chai. Nyingine nimeiona kwa macho na nyingine nimeimeza kwa mdomo wangu mwenyewe, mtaelewa mbele. Majina ya watu nimebadilisha. Jina la ua sijabadilisha.

Nianze na mimi. Niko Mtwara mjini, nauza miche na maua barabarani. Shule niliishia njiani, haya mambo ya maua nimejifunza kwa simu na kwa kuua miche mingi sana mpaka nikapata. Wateja wangu ni walimu, watu wa ofisini na wale wa bandarini wanaojenga.

Kwetu hasa ni Ziwani, kijijini nje ya mji. Huko yupo mama, yupo kaka yangu Salumu na mke wake Atija. Salumu anabeba mizigo bandarini, anatoka asubuhi anarudi akinuka korosho.

Atija ni Mmakonde kama sisi, ila wa ng'ambo ya mto, nchi ya jirani. Alivuka Ruvuma pale Kilambo kwa mtumbwi kipindi kule kwao kulivyochafuka. Alivuka na kanga aliyovaa na kingine alichokifunga kwenye ncha ya hiyo kanga.

Watu walidhani ni hela au dhahabu.

Kumbe ni kiazi. Kiazi cha ua.

Mimi ananiita mlamu, maana kwao shemeji ndiyo mlamu. Mwaka wa kwanza alivyoolewa niliugua malaria kali nikiwa mjini peke yangu. Huyu mwanamke alikuja kwa bodaboda, akakaa na mimi ananikanda maji mpaka nikasimama. Kwa hiyo mtu akimsema vibaya mbele yangu mimi sina adabu. Hilo mlijue mapema.

Sasa ua lenyewe.

Mitandaoni wanaliita flame lily au gloriosa, na Zimbabwe ndiyo ua lao la taifa. Wateja wangu wanaliita ua la moto. Petali zake zimepinda kwenda juu, kama mtu kashikilia ua upepo mkali unapita kwa chini. Linaanza kijani, linakuja njano, halafu nyekundu linapanda mpaka linawaka lote.

Linatambaa, lakini halina miiba wala vikonyo vya kujinyonga kama mpesheni. Ncha ya jani lenyewe ndiyo inajikunja, inashika. Ukiligusa unahisi kama kidole cha mtoto kimekushika shati.

Tabia yake nyingine, mvua zikiisha linakufa lote. Jani, shina, kila kitu kinakauka, unabaki uzi mkavu kwenye uzio, baadaye hata huo uzi hauuoni. Kiazi kinalala chini. Mvua zikirudi linachomoza lenyewe bila kupandwa.

Kuna mwalimu mmoja kutoka bara nilimuuzia. Kiangazi akanirudishia kopo, anasema, "Kijana, umeniuzia udongo." Nikamwambia, "Mama, subiri mvua." Akaondoka ananisonya. Mvua ziliponyesha alirudi kununua mengine, hata samahani hakusema.

Atija aliwahi kuniambia kwa nini alibeba kiazi na siyo sufuria. Tulikuwa tunapalilia, akaongea bila kuniangalia.

"Mlamu, hili lilikuwa mlangoni kwa mama yangu. Alikuwa anasema likikauka watu wanapita wanasema hapo hakuna kitu. Mimi pia kule wanajua nimekwisha."

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo kwake lile halikuwa pambo. Lilikuwa ni kama kusema bado nipo.

Alilipanda kwenye uzio wa miti nyuma ya jiko, akazungushia mawe meupe ya matumbawe. Akatuambia wote pale nyumbani, kuanzia mama, kwamba ndani ya mawe asichimbe mtu na mbuzi wasisogee. Ni sumu, juu mpaka chini, na chini ndiyo kubaya zaidi. Mama akasema sawa. Na mama akisema sawa ni sawa, kwa miaka yote hakugusa ndani ya yale mawe.

Hayo mawe yawekeni akilini.

Sasa kwa wasio wa kusini, ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba, virefu. Kiangazi akina mama wanaingia vichakani kuchimba. Unachemsha na chumvi, ukiwa na pilipili pembeni husikii hata adhana. Mjini wanauza kwenye mabeseni.

Ila hakuna anayepanda ming'oko. Inajiotea. Na kiangazi majani yake yamekauka, kwa hiyo mchimbaji anatafuta kamba kavu iliyojizungusha kwenye mti, anaifuata kwa vidole mpaka inapoingia ardhini, anachimba hapo. Hakuna jani la kukuambia huyu ni nani. Kuna kamba kavu tu.

Mama yangu ndiyo kazi yake tangu msichana. Anafumba macho anachimba.

Picha likaanza Jumatatu moja, msimu wa korosho, mvua bado. Nilikwenda Ziwani kufuata samadi ya mbuzi. Nafika, namkuta mama kapika ming'oko. Hakwenda mbali siku hiyo, goti lilikuwa linamsumbua, akasema kaona kamba nzuri nzuri hapo hapo kwenye uzio wa nyumba.

Nilisikia hiyo sentensi wakuu. Nilisikia na ikapita.

Atija alikuwa kafunga sunna ya Jumatatu. Alichemsha yeye, maana mama kwa lile goti hawezi kuinamia mafiga, lakini hakuonja. Mama ndiyo alimenya na kukata vipande vifupi vienee sufuriani. Vipande vikubwa mama akavichagua, akaviweka kwenye sahani, akafunika na kawa.

"Hivi vya Atija, akifuturu."

Tukakaa mimi na mama barazani tunakula sahani moja. Tunapiga stori za Salumu anavyokoroma.

Katikati nikakuta kipande kichungu. Siyo kichungu cha kawaida, kilinikamata mzizi wa ulimi. Nikakunja sura.

Mama akanicheka. "Mji umekuharibu ulimi. Mng'oko mwingine ndiyo ulivyo."

Nikameza. Mbele ya mama yangu unatema vipi chakula alichochimba na goti bovu?

Yeye alimaliza sahani.

Alasiri nafunga mifuko ya samadi, nikasikia mama anakohoa jikoni. Kohoa kohoa, halafu akaanza kutapika. Alikuwa anasema koo linawaka, anaomba maji, akinywa yanarudi. Halafu tumbo likafunguka. Sitaelezea zaidi, ni mama yangu.

Ila alivyonishika mkono vidole vilikuwa vya baridi, kwenye lile joto la Oktoba.

Atija alimbeba mgongoni. Mnanielewa? Kafunga tangu alfajiri, kabeba mtu mzima mgongoni mpaka barabarani tulipopata bajaji. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni nimeshika viatu vya mama, sijui hata kwa nini nilivichukua.

Tulifika hospitali mjini jua linazama. Nesi akauliza kala nini. Nikasema ming'oko.

"Nani mwingine alikula?"

"Mimi."

Nesi akaacha kuandika akaniangalia. Pale ndipo hofu iliingia mwilini mwangu, na haikutoka kwa muda mrefu sana. Kabla ya hapo nilikuwa namwogopea mama. Nikakumbuka kile kipande kichungu.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole, anaongea taratibu. Akasema, "Kaka, kesho asubuhi niletee chakula kilichobaki. Kilichopikwa na kibichi. Hasa kibichi." Akaongeza kwamba nikisikia chochote tumboni nisijikaze.

Wakuu, mtu akikuambia sikiliza tumbo lako, tumbo linaanza kuongea. Kila likinguruma nasema tayari.

Atija alifuturu kwa maji ya chupa, amesimama kwenye korido. Hakula kitu.

Kesho yake nilimwacha Atija hospitali na mama, nikafika Ziwani nikakuta uwanja wetu umejaa. Kwenye kiti katikati kakaa Mjomba.

Kwa sisi Wamakonde mjomba siyo mtu wa kukuletea zawadi tu. Kaka wa mama ana sauti kuliko hata baba mzazi. Huyu wetu ni mtu mkavu, hacheki, na dada yake ni huyo mmoja tu aliyebaki. Kavimba macho. Nilijua alikuwa analia, ila ukimwambia hivyo atakupiga.

Mbele yake, chini, kaweka ile sahani yenye kawa.

Akafunua. "Hii ya nani?"

Nikasema ya Atija, mama alimwekea.

"Kwa nini hakula?"

"Alifunga, Mjomba."

"Jana akafunga. Siku ile ile dada yangu anakula, yeye akafunga." Akawageukia watu. "Mmesikia? Kapika yeye. Hakula yeye. Na analima sumu hapo nyuma, kaizungushia mawe, katuambia mwenyewe kwa mdomo wake kwamba ni sumu."

Mama mmoja jirani akadakia, "Mimi lile ua nililiogopa siku ya kwanza. Ua gani linakufa na kufufuka."

Mwingine kwa nyuma, "Kule kwao wanajua mengi."

Nikawaka. Nilimwambia yule jirani kwamba mdomo huo huo ndiyo uliokuja kuomba chumvi kwa Atija wiki iliyopita. Nilimwambia Mjomba kwamba kama kuna mtu hapa alimbeba dada yake mgongoni jana anyooshe mkono. Nilisema na mengine, mods watafuta.

Mjomba hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo iliniogopesha.

"Leo anavuka. Salumu ataandika talaka, atampeleka Kilambo, atavuka kwao. Dada yangu akifa akiwa huyu bado yupo kwenye ardhi hii, mimi sitawazuia watu."

Akasema "sitawazuia watu" kwa sauti ya kawaida kabisa, na hao watu wamesimama hapo hapo. Mmoja ana panga. Labda alitoka shamba, sijui.

Na kule ng'ambo hana mtu. Mlango wa mama yake haupo tena. Kumrudisha kule ni kumzika.

Nikamwangalia kaka yangu. Salumu kakaa kwenye kinu kilicholala, kashika kichwa, hasemi. Nilitamani kumpiga. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alikuwa anaogopa kuliko mimi, mama huku, mke huku.

Nikaondoka pale nikaingia jikoni kutafuta kibichi cha daktari.

Kikapu cha mama kilikuwa nyuma ya mlango. Ndani kulikuwa na ming'oko ambayo hajaimenya, ya kesho yake. Nikakimwaga chini.

Ming'oko ni kama vijiti, imenyooka nyooka na kupinda ovyo. Nikaigawa kwa mkono.

Chini kabisa kulikuwa na kimoja chenye umbo la panda ya manati.

Nikakaa hapo hapo kwenye majivu.

Lile umbo mimi nalijua, nalipanda kila mwaka. Kiazi cha ua la moto hakifanani na kingine, kina miguu miwili kama herufi V. Mama hakuwahi kukiona kikiwa kimechimbwa, kwake huo ni mng'oko uliopinda tu. Ukikikata vipande vifupi ukavichanganya sufuriani, basi. Hakuna mtu wa kukitambua, hata mimi sikukitambua kikiwa mdomoni.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kwenye uzio.

Mawe meupe yapo vilevile. Ndani udongo mgumu, haujaguswa. Shimo la mama lilikuwa nje ya mawe, hatua chache kuelekea kwenye mti wa mwisho, na pembeni kuna kile kijembe chake kibovu chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Kwenye mti kuna kamba kavu zimesokotana. Moja ya mng'oko. Nyingine siyo.

Ngoja nieleze hapa, maana ndiyo roho ya uzi.

Hili ua kiazi chake cha mwaka jana kinaoza. Kabla hakijaoza kinazaa vingine kwenye zile ncha mbili za V, mbele yake. Mwakani hivyo navyo vinazaa mbele zaidi. Kwa hiyo lile ua halikai ulipolipanda. Linatembea. Kidogo kidogo, chini chini, huku wewe unaangalia mawe yako.

Atija aliweka alama mahali alipolipanda. Ua lilishahama.

Mama aliheshimu mawe. Atija aliweka mawe. Hakuna aliyekosea, na mama yangu anakufa.

Nikapiga picha shimo, mawe na kijembe. Halafu nikakaa pale na kile kiazi mkononi, sijui nifanye nini.

Maana fikirieni. Nikikipeleka hospitali nikasema ni nini, nimethibitisha maneno ya Mjomba. Sumu ni ya ua la Atija, aliyelileta ni Atija, na mpishi ni Atija. Nikikitupa porini, daktari anabaki anabahatisha na mama anakwisha.

Kuna mmoja kwenye koment ataniuliza kama nilimshuku shemeji hata kidogo. Sikumshuku. Nilichoogopa ni kwamba ukweli wenyewe ulikuwa na sura ya uongo wa Mjomba.

Nikakifunga kwenye shati, nikachukua na vipande vya kwenye ile sahani mbele ya macho ya watu wote, nikapanda bodaboda. Mjomba akaniita. Sikugeuka.

Daktari alikipokea kwa glavu, akakigeuza, akaniuliza ni nini. Nikamwambia yote, na habari ya ua la kwenye uzio nikamwambia. Alikaa kwenye simu yake kidogo, akapiga kwa mkubwa wake, wakaongea.

Akarudi akanikalisha.

"Kuchemsha hakuiondoi hii sumu. Na haina dawa yake maalumu hapa. Tutampa maji, tutaangalia figo, damu na moyo. Siku hizi zinazokuja ndizo ngumu, anaweza kuonekana nafuu halafu akashuka. Na wewe nakulaza."

"Mimi mzima."

"Ndiyo nakulaza uendelee kuwa mzima."

Akaongeza kwamba akipona, nywele zinaweza kutoka zote, tusije tukashtuka. Wakati ule nywele ndiyo nani.

Nililazwa wodi ya wanaume. Nikatapika jioni ile kama mtu anayegeuzwa nje ndani, na tumbo likafuata. Nilikuwa nalala naangalia feni nasema kile kipande kimoja kinanifanya hivi, na mama alimaliza sahani.

Siku iliyofuata nikasikia sauti ya Mjomba korido. Nikajua amekuja kumchukua Atija.

Nilishuka kitandani na dripu yangu mkononi, miguu kama uji, nikavuka mpaka wodi ya wanawake. Atija alikuwa kapiga magoti pembeni ya kitanda anamfuta mama midomo kwa kitambaa. Mjomba kasimama miguuni na wanaume wawili. Salumu yupo mlangoni.

Nikasimama katikati. Nesi anafoka nirudi kwangu, simsikii.

"Mjomba, angalia hii." Nikampa simu yenye picha.

Akaitazama muda. Akasema, "Hiki kijembe nilimfungia mimi huu mpira."

"Ndiyo. Na shimo liko nje ya mawe. Alichimba mwenyewe, alifuata kamba."

Akanirudishia simu. "Nani kaniambia mawe hayakuhamishwa? Jiwe halina mizizi."

Kweli jiwe halina mizizi. Nilitaka kumrukia, lakini mkono ulikuwa na sindano na mwili hauna nguvu, Mungu ana akili zake.

Hapo ndipo Salumu alipoongea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Mjomba, talaka siandiki mpaka mama aseme yeye."

"Na asiposema?"

Salumu akageukia kitanda. Wote tukamwangalia mama. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima, midomo imepasuka, macho yamezama.

Mjomba akavuta kiti, akakaa. "Nasubiri kinywa cha dada yangu. Kikifunguka sawa. Kikifungwa, huyu anavuka."

Basi tukawa tunasubiri. Sijawahi kuogopa vile na naomba nisirudie. Mnaangalia kifua cha mtu kinapanda, mnasubiri kama kitapanda tena. Maisha ya watu wawili yako kwenye mdomo mmoja uliokauka. Atija hakujitetea hata neno. Alikuwa anachovya kitambaa, anafuta. Anachovya, anafuta.

Mama alishuka kama daktari alivyosema. Wakamwekea oksijeni. Wakatutoa nje, wakaturudisha, wakatutoa. Mjomba hakwenda nyumbani, na wala mimi sikukaa wodini kwangu, manesi walichoka na mimi.

Asubuhi moja, nimesahau ya ngapi, mama akafungua macho. Akawa anatafuta mtu. Akapita kwangu, akapita kwa Salumu, akapita kwa kaka yake.

Mjomba akainama. "Dada. Nani kakufanya hivi?"

Mama alichukua muda mrefu sana kupata pumzi.

"Atija amefuturu?"

Mjomba akageuka kumwangalia Atija. Mama akadhani hatujamsikia.

"Ile mikubwa niliyomwekea. Ilikuwa chungu. Nilichimba pale kwenye mti wa mwisho. Mwambieni asile."

Siku zote zile, ndani ya giza alilokuwemo, mama yangu alikuwa anahangaika na sahani ya mkwe wake.

Atija akaweka kichwa kwenye shuka, akalia kwa mara ya kwanza.

Mjomba alinyanyuka. Akatoka nje, na wale wanaume wake wakamfuata. Nikasema ndiyo hivyo, kaudhika.

Akarudi baadaye peke yake, kabeba chupa ya chai na vitumbua kwenye gazeti. Akampa Atija mkononi. Akamwambia, "Kula, mkwe."

Hayo ndiyo maneno yote. Mimi nilikuwa nimemwandalia matusi ya wiki nzima, yakakosa pa kwenda.

Mama alirudi nyumbani kakonda kama ufito. Nywele zikaanza kutoka kwenye mto, mafungu mafungu, mpaka kichwa kikabaki kama yai. Na mimi zangu zilikatika pembeni, nikawa kama nimenyolewa na panya. Wateja wananiuliza kinyozi wangu nani.

Majirani wakaanza tena minong'ono kuhusu hizo nywele. Safari hii Mjomba mwenyewe ndiye aliyewafuata nyumba kwa nyumba kuwaambia daktari alishasema. Na yule mama wa chumvi alifuatwa wa kwanza.

Uzio tuliuchimba mimi na Salumu, kwa glavu na mifuko ya nailoni mikononi. Tulitoa viazi mpaka tukaridhika. Atija alitaka vichomwe vyote. Tukavichoma.

Desemba mvua zikanyesha. Siku moja nipo pale, Atija akatoka nyuma ya jiko na panga, sura imebadilika. Nikamfuata.

Kimebaki kimoja. Kimechomoza mbali kabisa na mawe, kijani kibichi, na ncha ya jani imeshashika mti.

Akanyanyua panga. Mama akamwita kutoka barazani.

"Acha."

"Mama, hili nusura likuue."

"Halikunifuata jikoni. Mimi ndiyo nililifuata." Akavuta kanga kichwani. "Wewe ulivuka nalo mto mzima. Halafu leo ulikate kwa sababu ya tumbo langu?"

Tukaligombania kidogo, mimi nikiwa upande wa panga, nasema ukweli. Mwisho tukakubaliana kwa njia ya mama. Nikatafuta karai kuukuu la zege, Salumu akatoboa chini, tukalihamishia humo na udongo wake, tukaliweka juu ya matofali pembeni ya mlango wa mbele. Huko likitaka kutembea litagonga chuma. Na hakuna mchimba ming'oko atakayechimba karai.

Januari lilichanua. Nilikwenda na samadi, au tuseme nilisingizia samadi. Nikamkuta mama kakaa chini ya lile ua, kanga kaishusha mabegani, na Atija nyuma yake kwenye kigoda. Nywele za mama zilikuwa zimerudi, fupi, laini kama za mtoto mchanga. Haziwezi hata kushika msuko. Atija alikuwa anajaribu hivyo hivyo, zinamponyoka, anajaribu tena, na mama anamwambia usinivute sana wewe, mimi ni mgonjwa.

Yule wa "ua gani linakufa na kufufuka" alipita barabarani akasalimia. Hakukaa.

Nilichojifunza. Kwanza, kama una ua la moto nyumbani, usiamini alama uliyoweka mwaka jana. Liweke kwenye chombo, na kiangazi liandike jina kwa rangi, maana juu halionekani. Pili, mng'oko ukiwa mchungu tema, hata kama mbele yako yuko mama yako, na kaeni mbali na kamba za kwenye uzio wa nyumba. Tatu, mtu akila sumu peleka kile kibichi kwa daktari hata kama unaogopa kitakachosemwa. Mimi mpaka leo nikikumbuka nilivyokuwa nimekaa kwenye yale majivu na kile kiazi mkononi, jasho linanitoka.

Wenye kujua mimea mingine inayohama chini chini namna hii, wekeni hapo tujifunze, mimi nauza miche na sitaki kumuuzia mtu msiba. Na akina mama wa kusini mliopo humu, niambieni nyie mnaitofautisha vipi kamba kavu.

Matusi kwangu pia ruksa, nitayasoma. Ila atakayeandika hapa chini kuhusu wanawake wa ng'ambo ya Ruvuma, aje ayasemee Ziwani, mlango wenye karai. Atamkuta shemeji yangu anasuka, na Mjomba yupo kwenye kiti.